Sukuma, Vuta: Mtoto na Vitenzi vya Kinyume vya Kiingereza

Ingia darasa la awali la shule ya mchepuo wa Kiingereza, iwe Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, na mara nyingi utaikuta ukutani: karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu nene, kichwa chake "Opposites", na chini yake maneno yamepangwa safu mbili. Open, close. Come, go. Push, pull. Laugh, cry. Mwalimu anagusa neno la kushoto kwa kijiti, watoto wanaitikia kwa sauti moja neno la kulia. Mzazi anayechungulia dirishani anaondoka ameridhika kwamba ada yake haijaenda bure.

Sasa mwite mtoto mmoja mbele, weka mikono yako nyuma, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Close the door." Usishangae akibaki anakutazama usoni akingoja umwonyeshe. Usishangae pia akikujibu "open", kwa kuwa hicho ndicho alichozoezwa kufanya anaposikia "close": kumtaja mwenzake. Ameshika mwitikio. Neno lenyewe, lile la kumfanya mtu anyanyuke akaufunge mlango, bado halijamfikia.

Jambo hili lilikuwa la shule za kulipia zaidi, lakini sasa ni la wote. Tanzania ilipobadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili mkazo uwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, Kiingereza kilisogezwa hadi darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umekirudisha darasa la kwanza. Kenya nayo, chini ya mtaala wa umilisi uliosambazwa nchini kote 2019, inakipa Kiingereza kipindi chake tangu gredi ya kwanza, na shule nyingi za mijini huanza mapema kuliko hapo. Kwa hiyo mwalimu wa kayumba, yaani shule ya serikali, mwenye watoto wengi kuliko madawati naye anatafuta njia ya kuanza, na vitenzi vya kinyume ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyovikimbilia. Kuvikimbilia si kosa, maana vitenzi vya mwili humfaa mtoto kuliko majina ya rangi na siku za wiki. Tatizo ni mpangilio. Jozi ndiyo inayowekwa mwanzo, wakati nionavyo mimi ingepaswa kuja mwisho.

Kinyume chenyewe ni nini? Ile karatasi ya ukutani huchanganya mambo kadhaa kana kwamba ni kitu kimoja. Wataalamu wa semantiki, akina John Lyons mwaka 1977 na D. A. Cruse mwaka 1986, waliyatenganisha, na mwalimu wa watoto wadogo anafaidika akiyajua hata kama hatayatamka darasani. Kuna kitendo kinachofuta matokeo ya kingine: ukifunga kamba kisha ukaifungua, umerudi ulipoanzia. Kuna vitendo vinavyotofautiana kwa mwelekeo tu, kama kuja na kwenda, kupanda na kushuka. Halafu kuna tukio moja lenye watu wawili, kila mmoja akilitaja kwa upande wake. Mama Asha anauza nyanya na jirani ananunua nyanya, lakini biashara iliyofanyika ni moja. Mwisho kuna jozi za mazoea, ambazo hazitendui chochote. Kulia hakufuti kucheka, na "run" na "walk" zinazowekwa pamoja kwenye karatasi nyingi ni mwendo uleule kwa kasi mbili tofauti.

Hata zile zinazoonekana wazi zina mtego. Mtazame mtu wa mkokoteni akipandisha mlima na magunia ya viazi. Yeye yuko mbele anavuta, vijana wawili wako nyuma wanasukuma, na gari linakwenda upande mmoja. Kwa viazi, kuvuta na kusukuma ni msaada uleule. Ukinyume wake upo kwenye mwili wa anayetenda: kitu kinakuja kwangu au kinakwenda mbali nami. Mtoto hawezi kuupata kwa kuangalia, sharti yeye mwenyewe avute na asukume, asikie mikono yake inavyofanya. Juu ya hayo, "push" na "pull" ni jozi mbaya kuliko zote kwa sikio la anayeanza. Zinaanza na sauti ileile, zina irabu ileile, ni fupi, na hutajwa juu ya mlango uleule. Nikiambiwa nichague jozi moja ya kuondoa kwenye karatasi ya awali, ningeanza na hiyo.

Kuna ushahidi wa siku nyingi kwamba maneno yanayofanana sana kimaana, yakifundishwa pamoja yote yakiwa mapya, hugongana kichwani. Masanao Higa alilionyesha mwaka 1963. Thomas Tinkham akalirudia 1993 kwa maneno ya kubuni, Robert Waring akalithibitisha kwa Wajapani 1997, na mwaka 2000 Paul Nation akaandika waziwazi kwamba mwalimu ajiepushe na kufundisha vinyume kwa pamoja: afundishe kwanza kile kinachotumika zaidi, kikikaa ndipo alete cha pili. Mwanafunzi aliyejifunza maneno mawili kwa siku moja anajua kwamba moja ni kufungua na jingine ni kufunga, ila hajui lipi ni lipi, na wasiwasi huo unaweza kumfuata kwa miezi. Majaribio ya Tinkham na Waring, hata hivyo, hayakufanywa kwa watoto wa miaka mitano wakiwa wameshika kitasa. Yalikuwa ya watu wazima na orodha za maneno mezani, kwa hiyo siyachukui kama sheria. Nayachukua kama onyo, na onyo hilo linakubaliana na yale tunayoyajua kuhusu watoto kwa njia nyingine.

Mwaka 1968 Margaret Donaldson na George Balfour waliwaweka watoto wa miaka mitatu na kitu hadi minne mbele ya miti miwili ya karatasi yenye matofaa, wakawauliza upi una machache zaidi. Wengi waliutaja ulio na mengi. Watoto wale, katika lugha ya mama zao, walijua neno linahusu wingi, ila walikuwa hawajapata ncha ipi ya wingi. Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya sababu yake, lakini tabia yenyewe mwalimu yeyote wa chekechea anaitambua: mtoto anajua tunaongelea mlango, anajua kuna jambo la kuufanyia, anakisia.

Jambo la pili tunalolijua kuhusu watoto linanivutia zaidi. Mtu mzima akitajiwa neno na kuambiwa aseme la kwanza linalomjia, mara nyingi hutaja neno la aina ileile, na kinyume chake ni jibu la kawaida kabisa. Watoto wadogo hawafanyi hivyo. Roger Brown na Jean Berko mwaka 1960, na Susan Ervin mwaka uliofuata, walionyesha kwamba mtoto mdogo hutaja neno linaloandamana na lile alilosikia katika usemi. Mtajie "fungua" atasema "mlango". Mabadiliko ya kuelekea majibu ya kikubwa hutokea polepole, takriban kati ya miaka mitano na tisa. Kwa maneno mengine, ile safu mbili ya ukutani inafuata mpangilio wa kichwa cha mwalimu. Katika kichwa cha mtoto wa miaka mitano "open" haijakaa karibu na "close". Imekaa karibu na "the door", "your book", "your mouth", na hapo ndipo pa kumkutia.

Picha nazo hazisaidii kama tunavyodhani. Chora mtoto ameshika mlango ulio nusu wazi. Je, anaufungua au anaufunga? Chora mtu yuko mlangoni mwa daladala, mguu mmoja chini. Anapanda au anashuka? Kitendo cha kinyume hutofautishwa na mwelekeo, na picha isiyosogea haina mwelekeo. Wachoraji huongeza mishale, ambayo mtoto wa awali hajafundishwa kuisoma, au huchora uso wa furaha upande mmoja na wa huzuni upande mwingine, na mtoto anaondoka akiamini kwamba "go" ni kununa. Vivumishi kama "big" na "small" vinachoreka vizuri. Vitenzi vinataka mtu avitende.

Kwa bahati, mtoto anayezungumza Kiswahili anakuja shuleni na mtaji ambao mwenzake wa London anautafuta kwa shida. Lugha yake ina kauli nzima ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Funika, funua. Chomeka, chomoa. Anika, anua. Amesikia haya tangu akiwa mgongoni, nguo zikianuliwa mvua inapotishia na simu ikichomolewa kwenye chaji. Wazo la kurudisha kitu kilivyokuwa halihitaji kufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu anayetumia dakika ishirini kueleza maana ya "opposite" anaeleza kilichokwisha kueleweka. Anachokosa mtoto ni sauti tu. Sentensi moja ya Kiswahili, "leo tunajifunza namna Waingereza wanavyosema fungua", inaokoa kipindi kizima, na sioni sababu ya shule kuiogopa.

Mtaji huo una riba na una hasara. Riba inakuja baadaye, mtoto anapokutana na "untie", "unlock", "unfold", "unpack", "uncover", ambapo kipande kidogo cha mbele kinafanya kazi ileile ambayo kwetu hufanywa na mwisho wa neno. Melissa Bowerman, aliyefuatilia kwa miaka usemi wa binti zake mwenyewe, aliandika mwaka 1982 jinsi watoto wa Kiingereza wanavyokigundua kipande hicho na kukibandika kila mahali, hata kwenye "hate", wakapata "unhate". Mtoto wa darasa la nne hapa kwetu atafanya vivyo hivyo, na akisema "unsleep" usimcheke. Ameshika kanuni, bado mipaka yake. Kwani Kiswahili nacho hakimwachii mlango wazi hivyo: "chukua" haina "chuka" inayoitendua, na "kamua" haitendui "kama" bali inazidisha nguvu.

Hasara ni kwamba "fungua" yetu ni pana mno. Tunafungua mlango, kitabu, kamba za viatu, vifungo vya shati, zawadi, bomba la maji, redio, duka, akaunti na mkutano. Mwingereza ana kitenzi tofauti kwa karibu nusu ya hivyo. Ndiyo maana unamsikia mtoto mwenye Kiingereza kizuri tu akisema "open my shoes", na watu wazima wasione kasoro kwa kuwa wao pia husema hivyo. Dawa yake si kusahihisha kila mara. Dawa ni kutomfundisha "open" peke yake hata siku moja. Afundishwe "open the book", "open the box", "open your hand", na siku ya viatu aletewe "untie" kama kitu kipya chenye kamba zake, bila kutajiwa kwamba ni ndugu wa lile la kwanza.

Neno jingine linalostahili jicho la pili ni "take". Karatasi moja ina "give, take", nyingine "bring, take", ya tatu "put on, take off", na zote zinaweza kuwa kwenye ukuta mmoja. Kwetu hayo ni chukua, peleka na vua, vitendo vitatu visivyo na undugu. Mtoto anayeulizwa kinyume cha "take" ana majibu matatu sahihi na mwalimu ana moja kwenye daftari la majibu. Na kuna mambo ya njiani kama "I'm coming", inayosemwa Afrika Mashariki na mtu anayeondoka, sawasawa na "nakuja" yetu ya yule anayekupa kisogo. Mtoto aliyeambiwa kwamba "come" ni kusogea huku ana haki ya kuchanganyikiwa anapomwona mwalimu akisema hivyo huku akitokomea ofisini.

Tuje kwenye njia. Mwaka 1925 Harold Palmer na binti yake Dorothée walichapisha Tokyo kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa California, James Asher, aliipa njia hiyo jina na majaribio: mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda, hasemi mpaka awe tayari. Makala yake inayotajwa sana ni ya 1969. Kwa vitenzi vya kinyume sijaona njia bora ya kuanzia, kwa sababu inamlazimisha mtoto kuonyesha kwamba ameelewa kabla hajapewa nafasi ya kukariri. Lakini inavyofanywa katika shule zetu mara nyingi inapoteza hiyo faida. Mwalimu anasema "stand up" huku akiinua viganja, "sit down" huku akivishusha, na darasa zima linanyanyuka na kukaa kama wimbi. Watoto wanasoma mikono. Au wanamsoma jirani: mmoja anajua, arobaini wanamfuata. Nyimbo za vitendo zina udhaifu huohuo, kwa kuwa mpangilio haubadiliki na mtoto anajua kinachofuata hata angezibwa masikio. Ziimbwe, ni tamu, lakini zisihesabiwe kuwa kipimo.

Kwa hiyo ishara za mikono ziwepo siku ya kwanza na ya pili, kisha ziondolewe. Amri zitolewe bila mpangilio, mara nyingine mara mbili mfululizo ileile, maana mtoto anayekisia hutarajia zipokezane. Na kwa muda wote huo kuwe na upande mmoja tu wa jozi. "Open" peke yake kwa wiki mbili au tatu, ikichanganywa na vitenzi visivyofanana nayo hata kidogo: open, jump, touch, give. "Close" isiguswe. Darasa lenye mlango mmoja na watoto themanini si kikwazo, kwa kuwa kila mtoto ana viganja viwili, ana macho ya kufumba na kufumbua, ana mdomo. Kopo la rangi na vizibo vya soda vinatosha kwa "put in" na, mwezi mwingine, "take out". Kokoto chini ya kila dawati ni "pick up" leo na "put down" baadaye. Vitenzi hivi vya maneno mawili vina jambo la kuangalia: mtoto huvimeza kama neno moja, "sidauni", "standapu", na hakuna ubaya wowote mpaka atakapotakiwa kuandika.

Siku ya kuzikutanisha jozi ikifika, ndipo raha yenyewe inapoanza. Mwalimu anasema "open" na watoto wanatakiwa wafunge. Anasema "stand up", wanakaa. Watoto wanapenda kumkaidi mwalimu kwa ruhusa yake. Mchezo huu una masharti, kwanza kwamba maneno yote mawili yawe yamekaa, pili kwamba mtoto aweze kujizuia. Mwaka 1994 Gerstadt, Hong na Diamond waliwataka watoto wa miaka mitatu na nusu hadi saba waseme "mchana" wakionyeshwa mwezi na "usiku" wakionyeshwa jua, na walio chini ya miaka mitano walihangaika sana. Walijua maneno yote mawili. Kilichowashinda ni kulizuia lile lililowatoka kwanza. Mtoto wa miaka minne anayekosea kwenye mchezo wa kinyume huenda Kiingereza chake ni kizima kabisa.

Mtihani ndio unaoharibu yote haya. Swali la "write the opposite" ni rahisi kutunga, rahisi kusahihisha, na mwalimu anayepimwa kwa matokeo atafundisha kinachoulizwa. Lina matatizo yake hata kwa Kiswahili: walimu wanamjua mtoto anayeulizwa kinyume cha "lala" akajibu "usilale", akichanganya kukanusha na kupindua. Kwa Kiingereza anaandika "not open", anapata sifuri, ingawa angeambiwa auache mlango ulivyo angeuacha. Swali la haki kwa umri huo halihitaji kalamu. Mwalimu anakaa na watoto watano watano pembeni wengine wakichora, anatoa amri sita zilizochanganywa, anaweka alama ya vema. Kwa darasa kubwa hilo linamaliza wiki nzima, najua, na hakuna mkaguzi atakayemshukuru kwa hilo.

Zile jozi za tukio lenye watu wawili zingojee zaidi. "Buy" na "sell", "teach" na "learn", "lend" na "borrow" zinamtaka mtoto aone jambo moja kutoka upande wake na upande wa mwenzake, kisha achague kitenzi kwa kutazama nani anasema. Za mwisho ndizo ngumu kuliko zote kwetu, kwa kuwa "azima" inatumika pande zote mbili: niazime penseli, nimeazima penseli. Matokeo yake ni "borrow me a pencil", inayosikika kuanzia darasa la tatu hadi vyuo vikuu. Njia fupi niionayo ni ya "kopa" na "kopesha", ambazo Kiswahili kimezitenganisha vizuri: duka la mtaani lililotengenezwa kwa maboksi, mwenye duka anakopesha, mteja anakopa, kisha wanabadilishana viti na vitenzi. Hilo ni somo la watoto wa miaka minane au tisa. Wa miaka mitano, "give me" na "here you are" zinamtosha kuendesha duka hilohilo.